Mamère Aliyechagua Matairi

Alikuwa akilisalimu gari kabla ya kumsalimu mwenye gari. Jumapili, misa ya Kiswahili ilipokwisha, sisi wengine tukiwa bado tumesimama mlangoni mwa kanisa pale Etterbeek, Brussels, tukiulizana habari za nyumbani, yeye alikuwa ameshainama kando ya barabara, sketi yake ya kijivu ikigusa lami, akichungulia chini ya gari la mtu. Akiona tairi limelika upande mmoja, alimngoja mwenyewe atoke.

"Yambo, papa. Direction yako iko mubaya. Bibi iko muzima?"

Kwa mpangilio huo huo: usukani kwanza, mke baadaye.

Tulimwita Mamère, kama watawa walivyoitwa kwetu Likasi, huko Kongo, tangu zamani. Alikuwa na jina lake la kitawa, na bila shaka la ubatizo pia, lakini sikumbuki kumsikia mtu akilitumia hata moja. Alikuwa Mbelgiji wa upande wa Waflamandi, mkunga, na miaka yake mingi ya kazi aliitumia kaskazini ya Katanga, akiendesha mwenyewe jeep ya hospitali ya misheni. Uzee ulipomrudisha Ubelgiji alipewa chumba katika nyumba ya masista wazee kule Woluwe-Saint-Lambert. Alipewa pia, kama alivyopenda kusema, dirisha la kutazamia watu wengine wakiendesha vibaya.

Hakuwa mrefu. Alivaa viatu vya kiume, vyeusi, vya kamba, na mikono yake ilikuwa mikubwa kuliko mwili uliobaki, kama ameiazima kwa mtu mwingine. Kwa mikono hiyo alipima kila kitu. Nafasi kati ya tairi na madigadi aliipima kwa kuingiza kiganja, kwanza kikiwa kimelala, kisha kikiwa kimesimama. Hata kitambaa cha pazia sebuleni kwangu alikipima kwa shibiri, akaniambia mwenye duka alinidhulumu.

Mimi nilimfahamu kwanza hospitalini. Nilikuwa nafanya kazi maabara, kule kule Woluwe, naye aliletwa kutolewa damu. Aliposikia nikimwita mwenzangu kwa simu, "wee, uko wapi, kuya huku," aligeuka na sindano ikiwa mkononi. "Uko mutu ya Likasi," alisema. Hakuuliza. Tangu siku ile akawa wa nyumba yetu, na miaka ile ya mwanzo ya elfu mbili ilikuwa nadra Jumamosi kupita bila kumwona.

Kupika hakujua kabisa. Ugali wake ulikuwa uji na uji wake ulikuwa maji. Lakini kula alijua, na kuchagua sombe, yale majani ya muhogo, alijua zaidi. Tulikuwa tukienda pamoja Chaussée de Wavre, kwenye maduka ya Waafrika, yeye mbele na mwavuli, mimi nyuma na mifuko, na kwenye taa nyekundu alivuka bila kusimama huku akiwaombea baraka madereva waliompigia honi. Dukani alizungumza Kiswahili tu. Muuzaji wetu wa samaki wakavu alikuwa mtu wa Kinshasa. Kila mara alimjibu kwa Kilingala, "Mama, nayoki te," yaani sielewi, na kila mara Mamère alirudia maneno yale yale kwa sauti kubwa zaidi mpaka yule mama akacheka na kumchagulia samaki wa chini kabisa ya sanduku, wale wasioshikwashikwa. Kifaransa alikuwa nacho, tena kizuri. Aliniambia hakipotezi kwa samaki.

Alituhubiria uvumilivu, na yeye hakuwa nao hata kidogo. Alisinzia kwenye rozari. Katika karata alidanganya, na akishikwa alisema macho yake yamezeeka. Chumbani kwake, juu ya meza ndogo chini ya picha ya Moyo Mtakatifu, kilikaa kitabu cha sala, na juu ya kitabu cha sala kilikaa katalogi ya matairi. Niliwahi kuvibadilisha mahali wakati nafuta vumbi, kwa heshima tu. Nilipokuja tena nilikuta katalogi imerudi juu.

Gari lenyewe hakuendesha tena. Niliwahi kumuuliza kama anatamani kuendesha tena. Tulikuwa ndani ya tramu.

"Huku njia ilishamaliza kazi yote," alisema, mikono yake ikishika usukani wa hewani. "Mi ninabakia na nini? Kushika volant kama mutu mwenye kushika mukono ya kiti?"

Lakini njia yake ya zamani aliijua kwa moyo. Ukimpa kahawa na dakika chache, aliitembea yote kuanzia Likasi kwenda misheni: mahali udongo mwekundu unapoanza, kona ambako lori linaweza kukukuta, daraja la chuma, mlima unaopaswa kuupanda bila kubadilisha gia, kwa maana ukibadilisha umesimama na ukisimama utarudi kinyumenyume. Watu wengine wakihesabu ndugu waliowaacha kule, yeye alihesabu mashimo.

Na hapo ndipo hadithi ya Donatien inapoingia.

Donatien ni mdogo wangu, wa mwisho kwa mama. Ni daktari. Alimaliza masomo na, badala ya kubaki mjini kama tulivyotarajia, akaenda kufanya kazi katika hospitali ndogo kaskazini, upande ule ule wa Mamère, kwenye njia ile ile. Hospitali haikuwa na gari. Siku moja ya mvua walimpakia mama mjamzito kwenye lori la kukodi wampeleke kupasuliwa mjini. Lori likazama matopeni. Mama yule alifia njiani, na mtoto pamoja naye. Donatien alinipigia simu kesho yake. Alieleza yote kwa sauti ya daktari, taratibu, kisha nikamsikia analia, na mdogo wangu nilikuwa sijamsikia akilia tangu tulipokuwa tunaoga beseni moja.

Mume wangu alikuwa amekaa pembeni. Tuna binti, Clarisse, kwa hiyo watu humwita Papa Clarisse. Ni mhasibu, mtu wa tai na makaratasi, lakini kichaa chake ni magari. Simu ilipokatika alisema, "Tutamutumia gari." Na akalitafuta. Akalipata nje ya mji, kwa fundi mmoja Mflamandi: jeep ya Kijapani, ya zamani lakini ngumu, ambayo kijana aliyekuwa nayo kabla alikuwa ameiinua. Alikuwa ametoa springi za kiwandani, akaweka ndefu zaidi, gari likasimama juu kama mtu aliyevaa viatu vya visigino. Matairi yake yalikuwa yamekwisha. Ilibaki kuchagua mengine.

Papa Clarisse alikuwa ameshachagua. Alitaka makubwa kupita yote ambayo fundi alikuwa nayo, mapana, yenye meno kama ya trekta. Alikuwa ameshawaeleza rafiki zake. Kosa lake likawa moja tu: alimwalika Mamère aje kuyaona.

Ilikuwa asubuhi ya baridi, uwanja wa gereji umejaa madimbwi. Mamère alizunguka gari mara moja. Akaingiza kiganja juu ya gurudumu.

"Unataka kuweka ya ngapi?"

"Trente-cinq pouces, Mamère." Inchi thelathini na tano: mume wangu alitabasamu kama mtoto. "Bon, gari ilishainuliwa, nafasi iko. Na zile, Donatien atapita popote."

"Nani alikuambia nafasi iko? Ulipima?"

"Inaonekana na macho."

"Macho iko ya kuangaria batakatifu. Gari, unapima."

Akageuka kwa fundi na kuanza kumwamrisha kwa Kiflamandi. Fundi alikuwa na mwili wa kubeba injini peke yake, lakini alifanya kila alichoambiwa. Alifunga tairi moja kubwa mbele upande wa kushoto. Akapanga mbao nene, gari likapandishwa juu yake kwa gurudumu lile moja, mpaka springi ikabanwa na upande wa pili ukabaki unaning'inia. Gari lilipokuwa limesimama chini uwanjani, tairi lilionekana limekaa vizuri kabisa. Sasa, gari likiwa limepinda mwili kama lilivyo kwenye shimo, hali ilikuwa nyingine.

"Ingia," Mamère alimwambia mume wangu. "Pinda volant. Yote. Mpaka mwisho."

Alipinda. Tukasikia sauti kama mtu anayetafuna mfupa. Meno ya tairi yalikuwa yanakula madigadi.

"Hapa tuko Belgique, gari imesimama," alisema Mamère. "Kule itakuwa na muzigo, na muntu ndani mwenye kulia."

Haki yake nimpe mume wangu: hakukubali kirahisi. Alisema madigadi yanaweza kukatwa. Alisema springi zimeinua gari, basi kwa nini tuziache bure. Na Mamère, ambaye nilidhani atamkemea, alimwita aje achuchumae karibu naye, wote wawili kwenye maji machafu, akamwonyesha kwa kidole. Springi ziliinua bodi tu, alisema. Lile bonge la chuma katikati ya ekseli, difu, liko pale pale lilipokuwa, na ndilo linalogonga jiwe. Cha kuinua difu ni tairi peke yake. Kwa hiyo kutaka tairi refu si ujinga, ni haki. Ujinga ni kutoangalia tairi linakula nini. Likizidi ukubwa linakula nguvu ya injini, breki zinachelewa kukamata, na mlimani gia ya pili inakuwa kama ya tatu. Ekseli ambayo haikuzaliwa kwa uzito ule inakatika. Tairi la akiba halikai mahali pake.

"Kisha, pneu ikipasuka kule," alimalizia, "Donatien atapata ingine wapi? Ku Chaussée de Wavre?"

Yeye alitaka sept cinquante, ya jante ya seize, yaani inchi saba na nusu za upana kwa rimu ya kumi na sita. Ni tairi refu kiasi, jembamba, ambalo malori madogo na jeep za misheni zimelivaa Afrika nzima tangu enzi zake. Jembamba, alisema, linakata matope na kushuka mpaka linakamata udongo mgumu chini yake; pana linaelea juu na kuteleza. Fundi akafunga moja ili tuone. Gari lile refu, na mguu ule mwembamba.

"Inafanana mutu munene mwenye kuvaa viatu ya bibi yake," mume wangu alisema. Hakucheka mtu. Akaingia garini kwetu, akafunga mlango, akatungoja huko.

Walikasirikiana. Mume wangu alichomwa, nadhani, si na matairi, bali na kule kufundishwa mbele yangu na mbele ya fundi. Jumapili iliyofuata alisema ana mafua. Iliyofuata pia. Mimi niliingiwa na hofu, maana msimu wa mvua kule haungoji mafua ya mtu, na gari lilikuwa bado limelala gereji bila matairi.

Jumamosi moja kengele ikalia. Mamère alikuwa mlangoni, amelowa, ameshika sanduku la keki.

"Nimepika mwenyewe," alimwambia mume wangu.

Alipoiweka mezani niliona, na mume wangu aliona, kibandiko cha duka la mikate la Woluwe kimeganda chini ya sahani ya karatasi. Mume wangu aliangalia kibandiko, akamwangalia yule bibi kizee mtawa akidanganya bila kupepesa. Akakata kipande. Akala chote.

"Iko tamu," alisema. "Donc, Mamère, sept cinquante tunaipata wapi?"

"Ilishafika. Iko kwa Mflamandi tangu juzi."

Nikadhani atakasirika upya. Alicheka mpaka akalazimika kuvua miwani.

Siku gari lilipoondoka kwenda bandarini Antwerp, Mamère alikuja na chupa ya maji ya baraka. Alinyunyizia magurudumu, moja moja, hata la akiba, na akasahau gari lenyewe. Halafu akalipiga tairi la mbele teke kwa kiatu chake cheusi na kurudi kwenye tramu bila kuaga mtu.

Simu ya kwanza ya Donatien baada ya mvua kuanza niliipokea jikoni. Alikuwa amempeleka mjini mama wa mapacha. Walikwama mara moja, wakajikwamua, wakafika, na wote watatu wazima. Nilipiga kelele mpaka jirani wa juu akagonga sakafu. Nikampigia Mamère.

"Mulima alipanda na gia gani?" aliuliza.

"Mamère, mapacha! Wako wazima!"

"Nimesikia. Ninauliza gia."

Nilipomwendea baadaye, sista wa mapokezi aliniambia kwamba alikuwa ameshuka kanisani na kukaa huko muda wote wa chakula cha mchana, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Sikumwelewa katika kila kitu. Ukimuuliza habari za Kongo ya zamani, ya Wabelgiji, alisema, "Mi nilikuwa nazalisha," na mlango ukafungwa. Mume wangu aliwahi kumbana, kwa upole, kwamba hilo si jibu. Alikubali kuwa si jibu. Hakutoa lingine. Alichukia kupigwa picha na alichukia zawadi, lakini shali ya kitenge ambayo Clarisse alimpa akiwa mdogo aliivaa mpaka ikachanika, na hapo alimlaumu Clarisse kwa kununua kitambaa hafifu. Wengine pale kanisani walimwona mkali mno. Alikuwa mkali. Nimewahi kumwona akimliza mtu mzima kwa ajili ya breki.

Kila Donatien alipopiga simu, miaka yote ile, Mamère aliuliza habari za matairi, na jibu tulilopewa sisi tulilifikisha: yako salama, gari linafanya kazi. Naye alitikisa kichwa, ameridhika, kama mtu anayesikia kwamba mtoto wake amefaulu mtihani ambao hakuwa na shaka nao.

Mwaka ambao Donatien aliletwa Brussels kwa mafunzo mafupi, Clarisse alikuwa ameshaanza chuo, na Mamère alikuwa hashuki tena ngazi. Mafunzo yenyewe yalikuwa pale hospitalini Woluwe, hatua chache kutoka kwake. Tukaenda alasiri moja ya majira ya kuchipua, mimi, mume wangu na mdogo wangu, ambaye alikuwa amevaa suti kwa ajili yake.

Tulimkuta kitini karibu na dirisha. Alikuwa amekonda, na ilibidi kusema kwa sauti, lakini macho yalikuwa yale yale. Alimshika Donatien mkono, akaupima ndani ya mikono yake.

"Wewe njo Donatien. Uko mufupi."

"Ndiyo, Mamère."

"Na pneu yangu? Inatembea?"

Mume wangu na mimi tulishajiandaa kutabasamu. Lakini mdogo wangu hajui kumdanganya mtu aliye kitini, ni ugonjwa wa kazi yake.

"Mamère," alisema, "zile tulitosha kitambo, tukaweka ingine."

Mume wangu alirudisha kikombe kwenye sahani. Niliangalia sakafu.

"Ulitosha?"

"Saison ya pili. Nilificha, hata yaya hapa sikumwambia." Alinigeukia kidogo mimi, dada yake, kisha akarudi kwa Mamère. "Nilisikia haya. Zilifanya kazi muzuri, Mamère, mwaka muzima. Alafu pont ilienda na mayi."

"Pont gani? Ile ya chuma?"

"Ile daraja ya chuma. Haikurudishwa. Njia yako, batu banaiacha, nyasi ilishaimeza. Sasa tunapita chini, ku bonde. Na kule ni muchanga. Pneu yako ni nyembamba, inachimba, gari inakala na tumbo. Nilitosha pumzi ndani ya pneu, ikasaidia kidogo, alafu mbele kidogo mawe ikapasula mbavu zake."

Mamère aliachia mkono wa Donatien. Aliangalia mikono yake juu ya mapaja. Nilitamani kumfinya mdogo wangu kama zamani. Miaka yote ile yule mama alikuwa akitembea usiku na mchana juu ya njia ambayo haipo, juu ya daraja lililokwenda na maji, na hakuna aliyemwambia.

"Na mulima?" aliuliza mwishowe.

"Mulima iko. Hatupandi tena."

Akatikisa kichwa. Baadaye kidogo akasema, kwa sauti nyingine kabisa, ile ya gereji, "Uliweka ya ngapi?"

"Deux cent soixante-cinq," alisema, yaani milimita mia mbili sitini na tano za upana. "Urefu ni moja na yako, sikugusa urefu. Upana njo niliongeza."

"Jante haitakubali."

"Nilibadilisha na jante. Magari ya migodi iko mingi sasa Likasi. Pneu ya namna ile unapata kila kona."

Alifikiri. Niliona akiingiza kiganja, kikiwa kimelala, kikiwa kimesimama, katika nafasi ambayo sisi hatukuiona. Halafu mabega yakaanza kutikisika. Nilidhani analia, nikanyanyuka. Alikuwa anacheka.

"Papa Clarisse!" alimwita mume wangu. "Unasikia? Wewe ulitaka upana, mi nilitaka urefu. Tuligombana bure, na keki nikanunua!"

"Ulisema ulipika, Mamère."

"Nyamaza." Alipangusa macho kwa nyuma ya mkono, akamvuta Donatien mpaka akakaa kwenye kigoda mbele yake. "Bon. Sasa elezea hii njia mupya. Kuanzia Likasi. Usiruke kitu."

Na akafumba macho.

Donatien akaanza. Mwanzoni alisema haraka, kama mtu anayetoa ripoti, naye akamkatiza: mtaro ule uko kushoto au kulia? Wanapaki wapi wakikutana na lori? Basi akapunguza mwendo. Akamtoa mjini, akampitisha sokoni, akamfikisha udongo mwekundu unapoanza, na kwenye njia panda ambako zamani ulikwenda moja kwa moja akamkatisha kulia, kushuka, kwenye miti ambayo yeye hakuwahi kuiona. Mguu wa kulia wa Mamère, ndani ya soksi nene ya sufu, ulikuwa unakanyaga sakafu polepole. Mume wangu alisogeza kiti chake karibu. Jua lilikuwa limehama kutoka kwenye dirisha na chai yetu ilikuwa imepoa yote.

Sista kijana akafungua mlango, akasema kwa Kifaransa kwamba chakula cha jioni kiko mezani.

Mamère aliinua mkono mmoja bila kufumbua macho.

"Ngoja," alisema. "Tuko ku muchanga."